Haleluya ya Handel: kwaya ijifunze kwa rekodi ipi? Beecham, Davis, Hogwood au Butt

kinanda_kihesa
Kamwene wakuu. Naombeni msaada kabla waimbaji hawajanikimbia. Pasaka tunaimba Haleluya ya Handel, kwaya ya watu kama 30, sauti zote nne zipo ila wengi wanasoma solfa (do re mi) tu, noti za mistari hawazijui, kwa hiyo mazoea yangu ni kuwawashia rekodi kwenye sabufa wasikilize kwanza kama mara tatu hivi halafu ndo tunaanza kipande kwa kipande.

Sasa kwenye flashi nina rekodi nne za Masihi nzima, ile kazi kubwa ya Handel yenye Haleluya ndani, kila moja na mwongozaji wake, na kila moja inaenda kivyake mpaka unajiuliza kama huyu Handel ni mmoja au walikuwa wanne.

Ya Thomas Beecham ya 1959, hii ni jeshi zima, alimpa mtunzi Eugene Goossens aongeze vyombo, humo ndani kuna matoazi yanagongwa mpaka sabufa inasogea mezani. Waimbaji wangu wameipenda hii tu, nyingine hawataki kusikia. Ya Colin Davis ya 1966 na London Symphony, vyombo vya kisasa lakini wepesi, inatembea. Ya Christopher Hogwood ya 1980, vyombo vya kizamani na soprano wa kwaya ni watoto wa kiume wa Christ Church kule Oxford, kafuata toleo la 1754 lililopigwa kuchangia kituo cha watoto waliotelekezwa London. Na ya John Butt na kundi lake la Dunedin Consort ya 2006, toleo la mwanzo kabisa la Dublin 1742, waimbaji wachache mno, wale wale wa solo ndo wanageuka kuwa kwaya.

Mimi moyo uko kwa Hogwood. Tatizo Jumamosi nimeiwasha nikasema nipige na kinanda juu yake, D meja kama ilivyoandikwa, jamani, ilikuwa kama paka wawili kwenye kiroba. Kijana wa gitaa la besi akaniangalia kwa huruma, "mwalimu, kinanda kimeingia maji". Nikaangalia transpose, kile kitufe cha kupandisha na kushusha sauti ya kinanda, iko sifuri. Nimelala na mawazo.

Mzee wa Kaseti
Kinanda chako kizima mwanangu, usikipeleke kwa fundi, atakiharibu kweli.

Hao akina Hogwood na Butt hawatyuni kama sisi. Kinanda chako A ya katikati ni 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. Hawa wa vyombo vya kizamani wamekubaliana 415, ambayo ni karibu nusu toni kamili chini. Kwa hiyo wao wanapiga D yao na wewe unapiga D yako, ila ukiziweka pamoja D yao ni C# kwako. Ndo paka wako hao. Weka transpose -1 halafu piga kama kawaida, utaona wanavyopatana.

Ila angalia jambo moja. Sauti ya kwanza wakizoea kwa sikio kupitia rekodi ya chini halafu siku ya siku mkapiga 440, kile kipande cha Mfalme wa wafalme kinachopanda ngazi moja moja mpaka G watakuta ngazi imeongezeka. Kwa rekodi ya Hogwood G yao ni F# kwako. Nusu toni ukiwa umekaa nyumbani ni ndogo, ukiwa umesimama mbele za watu asubuhi na baridi hii ya Mbeya ni mlima Loleza.

kinanda_kihesa
Shikamoo mzee. Nimeweka -1 sasa hivi tu hapa nyumbani. Aiseee. Nimekaa na hii shida toka mwezi wa kumi na mbili!!! Na yule kijana wa besi nilishampa hela ya nauli aende kuuliza fundi mjini.

Mzee wa Kaseti
Marahaba. Hela ya nauli hiyo ihesabu sadaka.

dogo_uyole
Wakuu mnajitesa bure, kuna ile Soulful Celebration ya 1992, Haleluya imepigwa kigospo cha Marekani, ngoma inapiga, vijana wataipenda siku hiyo hiyo. Hiyo ya watoto wa Oxford itawalaza.

Mama Alto
Dogo nakupenda lakini hapana. Ile ni nzuri ya kusikiliza ukiwa unafua, nami ninayo, ila siyo ya kujifunzia, mle kila mtu anachombeza anavyojisikia na wewe huwezi kumwambia mtu wa sauti ya tatu "imba kama yule" maana yule hajaimba hivyo mara mbili.

Mimi niko Njombe, naimba sauti ya pili mwaka wa kumi na tano huu, na ninyi walimu wa kwaya mna tabia ya kuchagua rekodi kwa masikio ya soprano. Kwenye Beecham mimi sauti ya pili sijawahi kuisikia hata siku moja, najua ipo kwa imani. Nikiweka ya Butt kwa ear phone nasikia kila mtu alipo kama tumekaa chumba kimoja. Pale kwenye "atatawala milele na milele", wanaanza besi, wanafuata sauti ya tatu, halafu sisi, halafu soprano mwisho, kwa Butt unahesabu kuingia kwako vizuri kabisa, kwa Beecham unasubiri mtu akukanyage mguu. Kwa hiyo mwalimu, kila sauti wakae peke yao na Butt kwanza, hata kama iko chini nusu toni, wanajifunza njia ya sauti yao, siyo kimo chake.

tarumbeta_rungwe
Ugonile wakuu. Nimechelewa ila hamjagusa tarumbeta kabisa na mimi hapo ndo nauma. Huku kwetu Wamoraviani bila tarumbeta ibada ya Pasaka haijaamka, tunaanza kupuliza makaburini alfajiri umande bado.

Sikilizeni tarumbeta za Hogwood kwa makini. Zile hazina vibonye! Ni bomba refu tu, noti karibu zote zinatafutwa kwa midomo. Ndo maana zinasikika nyembamba na tamu na haziwafuniki waimbaji. Za kisasa kama za kwa Davis zinang'aa zaidi na ni rahisi kukanyaga kwaya. Na Handel alizibania kweli, kwenye Masihi ya zaidi ya saa mbili tarumbeta zinaingia mara chache tu, Haleluya ni mojawapo, kwa hiyo zikiingia watu wanashtuka. Sisi tulifanya kosa la kupuliza toka wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, tulipofika Haleluya hakuna aliyegeuka.

Kama una wapulizaji, usiwaweke nyuma ya soprano. Mimi nimesema.

BesiTukuyu
Nawaunga mkono Butt kwa kujifunzia lakini mmesahau kitu kinachoua kwaya kuliko nusu toni: ule ukimya.

Mwishoni kabisa kuna Haleluya nne zinakwenda mbio, halafu kimyaaa, halafu moja ya mwisho taratibu. Mwaka fulani kwaya niliyokuwepo tulifika pale vizuri, mwalimu mikono juu, watu 40 tumeziba pumzi. Mama mmoja benchi la tatu akaona eti tumemaliza, akapiga KIGELEGELE. Kirefu. Wenzake wakadaka. Mchungaji naye akasimama, "Amina, wapigieni makofi". Mwalimu mikono bado iko juu. Haleluya ya mwisho tuliiimba makofi yakiendelea na mimi peke yangu niliiimba kwa nguvu maana wengine walishashusha mafaili.

Kwa hiyo kwenye kuchagua rekodi sikiliza huo ukimya unakaaje. Kwa Beecham ni mzito, umesikia matoazi halafu hakuna kitu, unatisha. Wa vyombo vya kizamani wanaupita upesi. Kanisani kwenu kama akina mama ni wa vigelegele, upite upesi.

dogo_uyole
😂😂😂 besi umeniua

Mama Alto
Huyo mama namwelewa, kimya cha kanisani kinawasha koo.

kinanda_kihesa
Hahaha. Akina mama wetu ni wa vigelegele haswa, nitamwambia mchungaji mapema.

Swali la pili, lugha. Mnaimba Kiswahili au Kiingereza? Maana rekodi zote hizi ni za Kiingereza na mimi nilitaka Kiswahili.

Mzee wa Kaseti
Hapo ndo kwenye kazi. Maneno yenyewe yametoka Ufunuo 19 na 11, kwetu Biblia inasema "kwa kuwa Bwana, Mungu wetu, Mwenyezi, amemiliki", hayo yanakaa bila shida sana. Balaa ni "King of Kings". Kiingereza ni silabi tatu, soprano anazivuta ndefu huku wengine chini wanamjibu milele na milele. Sisi tunayo "Mfalme wa wafalme", hesabu: m-fal-me-wa-wa-fal-me, saba. Ile noti ndefu lazima uikatekate, na ukiikata inakuwa kama mtu anakimbilia daladala. Nimesikia kwaya zinakata vizuri kwa kuweka "Mfal-" yote kwenye noti ndefu na silabi zilizobaki wanazisukuma mwishoni, inapendeza. Nimesikia pia wanaogawa sawa sawa silabi zote, inachosha.

Kwa hiyo rekodi hapo ikufundishe uvutaji tu. Soprano wasikie watoto wa Hogwood wanavyoishika noti bila kutetemesha, halafu wafanye hivyo na neno letu.

Na nyongeza ndogo: wengi wanaiimba Krismasi, lakini Handel kaiweka mwisho wa sehemu ya pili, baada ya mateso na ufufuko, na Dublin iliimbwa Aprili. Pasaka umeilenga vizuri.

kinanda_kihesa
Mrejesho. Jana tumefanya hivi: nusu saa ya kwanza kila sauti na simu yake wanasikiliza Butt, soprano chini ya mwembe, besi walienda hadi getini. Halafu wote ndani tukawasha Davis, kinanda 440 bila transpose, tukaimba juu yake. Davis ndo ametuokoa, kinanda kinapatana naye na mwendo wake kwaya yangu inauweza. Hogwood nimembakiza wa kwangu usiku. Beecham nimewaahidi watamsikia tukimaliza Pasaka, kwa sauti ya juu kabisa, maana waligoma kidogo.

"Mfal-" ndefu imekubali. G imekubali kwa soprano wanne kati ya tisa, hao watano wengine tunaendelea kuombea.

tarumbeta_rungwe
Na wapulizaji?

kinanda_kihesa
Wawili tu, nimewaweka pembeni kabisa dirishani. Mmoja kanuna.

Mzee wa Kaseti
Atazoea. Mwalimu, hiyo ya Butt mimi sina, huku bando ni la kupigia simu tu, Masihi nzima nitaimaliza Krismasi. Kuna mtu anapanda Mbeya wiki hii anibebee flashi? Nitamsubiri stendi Nane Nane, nitakuja na kofia ya kijani.