Dryopteris za Aktiki: nazitenganishaje na Woodsia?

JaniKavu
Wadau, niko na makangaga makavu ya Greenland na Alaska, yote yamebandikwa "Dryopteris" tu (jina la jenasi, yaani kundi moja la makangaga), ila nashuku mengine ni ya jenasi nyingine kama Woodsia. Mengine hayazidi kidole, mengine yanafika goti. Naanzia wapi kuyapanga?

Lenzi10
Achana na ukubwa, geuza jani. Dondoshea vifuko vya spora (chembe za uzazi) tone la maji yenye sabuni kidogo, ngoja dakika mbili tatu vilainike, kisha tazama kwa lenzi ya mara 10. Kifuniko kinachokinga vifuko hivyo, kwa Dryopteris, kina umbo la figo, kimeshikwa pale penye mbonyeo. Cha Woodsia kiko chini ya vifuko, kimechanika kuwa nyuzinyuzi. Cha Cystopteris, jenasi nyingine inayofanana nazo, ni kama kofia, na hunyauka mapema. C. fragilis ni ileile ya miamba ya Mlima Kenya, kwa hivyo ukiwa na sampuli yake hapa Nairobi, ilinganishe. Jani kuukuu litakupotosha kwa kuwa vifuniko vimeshapukutika. Tafuta lenye vifuko vichanga.

Mizizi
Ya Aktiki kwelikweli ni D. fragrans (D. ni Dryopteris). Inaizunguka kaskazini yote: Siberia, Alaska, Kanada, Greenland, kwenye nyufa za miamba na kokoto. Majani yake yaliyokufa hayadondoki, hujikunja shinani yakiwa ya kahawia, na ukiyaona hayo kazi imekwisha nusu. Jina linatokana na tezi zenye harufu, ila kwa sampuli ya miaka mingi pua si kipimo.

D. expansa na D. filix-mas, hizo ndefu, Greenland zinakaa kusini, penye vichaka na theluji ya kuzifunika wakati wa baridi.

JaniKavu
Asante sana. Kuna lebo mbili za zamani: "dilatata" ya Greenland na "linnaeana".

Lenzi10
Hiyo linnaeana siku hizi ni Gymnocarpium dryopteris. Haina kifuniko hata kidogo, jani limegawanyika pande tatu, na shina linatambaa jembamba ardhini badala ya kufanya kichaka. Itoe kwenye fungu.

Mizizi
Dilatata ya Greenland ishuku kuwa expansa, zamani zilichanganywa. Expansa ina kromosomu 82, dilatata 164, lakini kwenye jani kavu huwezi kuzihesabu. Tumia hadubini: spora za expansa zimepauka, za dilatata ni kahawia iliyokolea. Magamba ya shinani yenye mstari mweusi katikati yanaelekeza kwa dilatata, ila yasiamue peke yake.