MREJESHO: Paka alale ndani au nje?

Wakuu, niliuliza kama paka wetu dume alale ndani au nje, maana mwanetu ana pumu na mama yake alihofia manyoya. Asanteni sana mliojibu.

Tumeamua usiku alale ndani, jikoni. Chumba cha mtoto hafiki kabisa. Kilichonisukuma ni sumu ya panya. Majirani wanaitega, na paka akila panya aliyekufa kwa sumu hiyo naye hudhurika. Daktari wa mifugo amemchanja dhidi ya kichaa cha mbwa (paka nao huugua na kuambukiza watu), akashauri ahasiwe ili apunguze kuzurura na kupigana. Mchana anatoka uani nikiwepo.

Kifua cha mtoto kikianza kubana, tutampatia paka makao kwa bibi yake.