Tupeane uzoefu: vikinga ugoko na begi la hoki bila kumaliza mshahara

Mlowezi wa Edmonton
Wakuu, salamu zenu. Nipo Edmonton, Kanada. Wenzangu wa kazini wameniingiza kwenye ligi ya watu wazima wanaoanza hoki ya barafu, zile ligi ambazo mechi zake hupangwa saa nne usiku kwa kuwa saa za jioni viwanja vimeshachukuliwa na watoto. Viatu vya barafu ninavyo, kofia nimenunua mpya, glavu na suruali nimerithi kwa jirani ambaye magoti yake yamekataa. Vimebaki viwili tu: vikinga ugoko na begi.

Bajeti ni dola 120 za Kanada kwa vyote viwili, na haiongezeki, maana ada ya ligi yenyewe imeshanikamua. Dukani kijana alianza kunionyesha vikinga vya dola 200. Nikamuuliza vina nini cha zaidi, akasema ni vyepesi. Kwa mwendo wangu ule wa kujishikilia ukutani, wepesi huo utanisaidia nini?

Mwenye uzoefu aseme: alinunua nini, wapi, kwa kiasi gani, na kimemkaaje. Wa magongo ya uwanjani, yaani hoki isiyo ya barafu, nao wasikae kimya, kikinga ugoko au shingadi, yote ni shingadi.

Mzee wa Winnipeg
Karibu kwenye baridi, kijana wangu. Nimeanza mchezo huu nikiwa na wajukuu, kwa hiyo usikate tamaa.

Kabla ya kuuliza bei, jipime. Vaa kiatu cha barafu, keti, kunja goti liwe pembe mraba, kisha upime kwa inchi kutoka katikati ya pia ya goti mpaka pale kiatu kinapoanzia. Namba hiyo ndiyo saizi. Watu wazima wengi huangukia 14, 15 au 16. Ukivaa, pia ya goti lako ikae katikati kabisa ya lile bakuli la plastiki. Ikikaa juu yake, siku ukianguka utatua kwenye ukingo. Na kikinga kikiwa kirefu, kitagonga kiatu kila unapokunja mguu na kusukumwa juu, mwisho kinazunguka chote upande.

Kisha simama na suruali ya hoki ukiwa umeivaa. Ncha ya suruali inatakiwa kulifunika bakuli la goti kidogo kwa juu. Ukiona nyama katikati hapo, basi paki, kile kisahani kinachopigwa badala ya mpira, nayo itapaona. Kimetengenezwa kwa raba ngumu, kina karibu gramu 160 hivi, na wenzako wapya hawajui kinakokwenda wanapokipiga. Wazoefu hulenga goli. Wanaoanza ndio wa kuwaogopa.

Ulimi wa kiatu chako unauvaa vipi? Wapo wanaouacha mbele, juu ya kikinga, na wapo wanaouficha nyuma yake. Anayeuficha huchukua kikinga kifupi kidogo. Amua hilo kabla ya kwenda dukani, na nenda na viatu vyako. Usione haya kukaa kwenye benchi la duka na kuvaa kila kitu.

Vya kwangu ni mtumba, dola 20, kwenye duka la vifaa vya michezo vilivyotumika. Ni za kampuni ya Bauer, za miaka mingi na bakuli lina mikwaruzo kama sufuria ya pilau ya msibani, lakini halina ufa. Ufa ndio wa kutafuta. Bonyeza plastiki kwa dole gumba, hasa kuzunguka zile ripiti, vile vifungo vya chuma vinavyobana plastiki. Ukiona mistari myeupe, rudisha kwenye rafu.

Kisigino cha Moto
Samahani wakuu, swali la mjinga. Zile shingadi za mpira wa miguu haziwezi kufanya kazi? Ninazo kabatini.

Mzee wa Winnipeg
Hapana, mwanangu. Zile hazina goti, na kwenye barafu goti ndilo linalotangulia chini.

Dada wa Minnesota
Niongeze kwa wafupi wenzangu, maana maduka yanatusahau. Mimi ni mfupi na miguu yangu ni myembamba. Saizi ya watu wazima ndogo kabisa niliyoikuta ni 14, na kwangu bado ilikuwa inagonga kiatu. Nikahamia upande wa watoto wakubwa, saizi 13, ikakaa vizuri, na bei ikashuka karibu nusu. Nilitoa dola 35 za Marekani, mpya, na lebo yake.

Ila mjue mnachonunua. Vya watoto vimetengenezwa kwa mashuti ya watoto, sponji yake ni nyembamba na mbawa inayofunika shavu la mguu ni fupi. Ligi yangu ni ya wanawake wanaoanza na tunakatazwa kupiga shuti la kuinua gongo, ndiyo maana nimetulia. Ningekuwa beki kwenye ligi ya wanaume wanaojipanga mbele ya mashuti, nisingethubutu.

Jambo la pili ni kulia na kushoto. Jozi nyingi zina mguu wa kulia na wa kushoto, na ile mbawa kubwa hukaa upande wa nje wa shavu la mguu. Kwenye mapipa ya mitumba utakuta vikinga viwili vya kushoto vimefungwa pamoja kwa tepu. Fungua uangalie kabla ya kulipa.

Velkro iliyochoka isikutishe. Ondoa nyuzi na nywele kwa sindano au kitana kikuukuu, nusu ya nguvu itarudi. Nusu iliyobaki ni kazi ya tepu: ukishavaa soksi ya hoki juu ya kikinga, zungusha tepu laini chini ya goti na juu ya kifundo. Usikaze sana, mguu utakufa ganzi.

Na kaka wa Edmonton umefanya jambo la maana kununua kofia mpya. Huku kofia zina stika ya HECC, baraza linalothibitisha ubora wa vifaa vya hoki, yenye tarehe ya mwisho. Ugoko ununue mtumba, kichwa usinunue mtumba.

Mbeba Mizigo
Nije kwenye begi, kwa sababu naona hapa kuna mtego ambao sisi ndio unatunasa zaidi.

Begi la hoki karibu wote tumelijua kabla hatujaijua hoki. Ndilo tunalojazia nguo, simu na viatu vya ndugu tukienda likizo Dar au Mombasa. Yale mabegi meusi makubwa ya bei poa yanayorundikwa kwenye maduka ya mabegi yanaitwa ya hoki, lakini yameshonwa kwa ajili ya safari. Kitambaa ni chepesi ili uzito wote ubaki kwenye mzigo, na hayana tundu hata moja la hewa. Weka humo vifaa vilivyolowa jasho, funga zipu, rudi baada ya siku mbili. Utaniambia.

Begi la mchezo lina wavu mahali fulani, mara nyingi kwenye ncha mbili, na lina mifuko ya pembeni ya viatu ili vyuma visichane nguo. Mtu mzima anahitaji la inchi 36 hadi 40 kwa urefu. Usichukue la 40 kwa sababu tu lipo, vyumba vya kubadilishia ni vidogo na watu kumi na tano wote wanataka kulaza begi sakafuni.

Mimi huanzia kwenye zipu. Nafungua na kufunga mara kadhaa, na kwenye kona nasimama. Zipu ya plastiki yenye meno manene huvumilia; ile nyembamba ya kama koti itakatika kwenye kona, siku ya baridi, huku umevaa glavu. Halafu naangalia mahali mkanda wa bega ulipokutana na begi. Kama ni mshono mmoja ulionyooka, naliacha. Nataka mshono wa msalaba ndani ya mraba. Mwisho ni sakafu ya begi, iwe ya turubai au plastiki nzito, kwa kuwa itakaa kwenye maji ya theluji.

Langu lilikuwa dola 65, bila magurudumu, kwenye punguzo la mwezi wa nne msimu ulipokwisha. Mwezi wa tisa begi hilohilo lingekuwa na bei nyingine kabisa, maana ndipo wazazi wote wanapokuwa dukani.

Kibarua wa Toronto
Umesema bila magurudumu kwa kuwa una gari, mkuu. Mimi napanda basi halafu treni ya chini ya ardhi halafu basi tena. Begi la kubeba begani lilinipa bega moja la juu na moja la chini. Nikatafuta la magurudumu, mtumba, dola 50, na sirudi nyuma.

Kasoro zake nazijua. Ni zito hata likiwa tupu, chumvi ya barabarani inakula beringi, na kwenye theluji mbichi halizunguki, unaliburuta. Atakayenunua alipinduze kwanza aone kama magurudumu yamefungwa kwa skrubu au yamebanwa kwa ripiti. Ya skrubu utabadilisha mwenyewe.

Shangazi Kaja
Jina langu linatosha kueleza nilianza na begi gani. Lile la miraba ya bluu na nyekundu lilimaliza msimu mzima, na lilikuwa linapitisha hewa kuliko la mume wangu la dola 130. Kilichoniudhi ni mipini yake, inakata viganja. Vyuma vya viatu nilivivalisha vifuniko, la sivyo lingechanika wiki ya kwanza. Kama bajeti imebana, nunua vikinga vizuri, begi lisubiri.

Mdau wa Panari
Sasa wadau, salamu kutoka Nairobi. Msishangae, huku tuna barafu: kiwanja cha Panari kwenye Barabara ya Mombasa, kidogo lakini chetu, nyumbani kwa Kenya Ice Lions, timu yetu ya hoki ya barafu. Mnakumbuka 2018 walipelekwa Kanada wakacheza pamoja na nyota wa hoki wa Kanada, Crosby na MacKinnon, na 2024 Kenya ikapokelewa kwenye shirikisho la dunia la hoki ya barafu.

Habari za bajeti huku ni tofauti, kwa sababu duka la vifaa hivi mimi sijaliona. Tunategemea vinavyoachwa na wageni wanaorudi kwao na vinavyoletwa na ndugu walio ng'ambo. Maana yake huchagui saizi, saizi ndiyo inakuchagua. Vikinga nilivyopewa vilikuwa 16, mimi ni wa 14. Nilitafutiwa dawa na mwenzangu aliyetokea kwenye viatu vya magurudumu: pedi za goti za kuteleza barabarani juu, na chini shingadi ndefu za magongo ya uwanjani, vyote ndani ya soksi moja ndefu. Kwa mazoezi ya kupasiana inatosha. Shuti kali likija, sogea.

Kwa hiyo mlio huko, mkibadilisha vifaa msitupe. Saizi 13 na 14 ndizo adimu huku, na hizo ndizo watoto wenu wanaziacha kila mwaka wakirefuka.

Beki wa City Park
Na mimi niwasemee wa uwanjani. Nacheza magongo ya kawaida kwenye kapeti la nyasi bandia pale City Park, Parklands, ligi ya wikendi ya kujifurahisha. Mpira wetu una gramu 156 mpaka 163 na ni mgumu kama jiwe. Hatuhitaji bakuli la goti, isipokuwa yule anayekimbilia mpigaji kwenye kona ya adhabu. Sisi maumivu yetu yako chini, kwenye kifundo. Ndiyo maana za soka hazitoshi: zinaishia juu mno, na ni nyembamba. Tafuta ambayo inashuka mpaka kwenye kifundo na ina umbo la duara linalokumbatia ugoko, na ndani ina sponji unayoweza kuibandua ukafua.

Kwenye masoko ya mitumba ya Toi na Gikomba zinapatikana, ila uwe na subira na uende mapema fungu linapofunguliwa. Mwenye kibanda hajui ni za mchezo gani, kwa hiyo usimwelimishe. Ukianza kumweleza kwamba ni za hoki bei itapanda hapohapo. Nilipata za kampuni ya Grays zikiwa zimechanganywa na za soka, nikalipa bei ya soka.

Kwa begi, shida yetu ni urefu wa gongo, inchi 36 na nusu au 37 na nusu. Begi la kawaida linaliacha likichungulia nje, na kwenye matatu utamtoboa mtu. Mimi natumia begi kuukuu la kriketi. Linameza magongo mawili, viatu na shingadi, na kwa kuwa wachezaji wa kriketi Nairobi hawajaisha, hayo mabegi nayo hayaishi.

Dada wa Minnesota
Nimecheka hapo kwa "usimwelimishe". Huku ni vilevile kwenye mauzo ya gereji.

Harufu hamjaigusa, jamani. Begi zuri kiasi gani, usiache vifaa humo ndani usiku kucha. Mimi nikifika nyumbani, hata iwe saa sita, natandaza kila kitu kwenye fremu ya kuanikia nguo na feni inapuliza. Bitana ya kikinga naibandua na kuifua kwa mkono na sabuni kidogo, naianika kivulini. Mashine ya kukaushia usiijaribu, joto linaachanisha gundi na sponji inajikunja. Siki iliyochanganywa na maji kwenye chupa ya kupulizia inasaidia. Na mwenye kidonda au mkwaruzo mguuni akifunike kabla ya kuvaa, vijidudu vya vifaa vichafu vinapenda sana ngozi iliyofunguka.

Mlowezi wa Edmonton
Wakuu, shukrani. Jumamosi nilikwenda na viatu vyangu mkononi kama Mzee alivyoagiza. Nilipima 15. Vya kwanza vilikuwa vya kampuni ya CCM, safi kwa macho, ila nilipobonyeza kwenye ripiti ikatokea mistari myeupe, nikaviacha. Vya pili, dola 28, vimekaa sawasawa na ulimi nimeuweka mbele. Begi ni inchi 36, la begani, lina wavu pande mbili na mshono wa msalaba, dola 70. Zilizobaki zimekwenda kwenye tepu na vifuniko vya vyuma vya viatu.

Swali limebaki moja: vile vikinga vya 14 vya mke wa jirani, ambavyo anataka kuvitupa, havina ufa. Mdau wa Panari, nani anakuja huko mwezi wa kumi na mbili?

Mdau wa Panari
Usivitupe! Nakuandikia pembeni sasa hivi.

Mbeba Mizigo
Mimi nakuja Desemba, kupitia Nairobi. Na begi ninalo.