Naomba ushauri: "ship" na "sheep" kwa kidato cha kwanza

Walimu wenzangu, habari za kazi, na wakubwa shikamooni. Nafundisha matamshi ya Kiingereza; shule ni ya kata, wilaya ya Kongwa, darasa lina wanafunzi 90.

"Write" na "right" hazinisumbui. Hizo hutamkwa sawa hata Uingereza, kwa hiyo ni suala la tahajia: imla ya sentensi nzima, basi. Shida ni maneno yanayofanana masikioni mwetu tu. Kiswahili kina irabu 5, Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20, hivyo "hat", "hut", "heart" na "hurt" zote zinaangukia kwenye "a" yetu. "Ship" nayo inageuka "sheep" (huku kondoo tunao, meli ndiyo hatuna).

Kumwambia mtoto "fupisha" hakutoshi, anatoa "sheep" fupi. "I" yetu iko karibu na ya "sheep". Kwa "ship" ulimi ushuke kidogo kuelekea "e" na ulegee.

Kwa sasa ni jozi 4 za maneno kama hayo kwa kipindi cha dakika 40, kusikiliza kwanza. Mwalimu anaficha mdomo kwa daftari na kutamka neno moja, wao wanainua kidole kimoja wakisikia neno la kwanza la jozi, viwili wakisikia la pili. Wakipata 8 kati ya 10 ndipo wanatamka. Kasoro: wanaigana vidole, hata wakifumba macho wapo wanaochungulia.

Naomba kujua: mnazuiaje kuigana kwa darasa kubwa hivi? Alama za fonetiki (za kuandika matamshi) mnazileta lini? Na jozi za "r" na "l", kama "rice" na "lice", zitangulie irabu au zisubiri?