Treni ilichelewa Ujerumani, nami nimesharudi Kisumu. Nauli inadaiwaje?

MamaVitenge_Kibuye
Hamjambo wanangu. Mimi nauza vitenge hapa Kibuye. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mjukuu wangu Lübeck, Ujerumani. Ndege ilinishusha Frankfurt, na binti yangu alikuwa ameshaninunulia tiketi ya treni kwenye simu yake, euro 86: kutoka uwanja wa ndege mpaka Hamburg, halafu nibadilishe nipande ya Lübeck. Akanitumia kwa WhatsApp.

Kufika Göttingen, treni ikasimama. Nikadhani tunashusha watu tu. Mzee aliyekaa mbele yangu akatoa mkate, akaula wote, akakunja karatasi mara nne akaitia mfukoni, na sisi bado tuko palepale. Spika ikatoa maneno marefu, behewa zima likashusha pumzi. Msichana mmoja akanieleza kwa Kiingereza kwamba taa za reli mbele zimeharibika. Nami nina omena, dagaa wa ziwani, kilo mbili begini, nimeifunga mifuko mitatu, lakini omena ni omena. Nikaona mtu anafungua koti, ananusa, anafunga tena.

Hamburg tulifika tumechelewa kwa saa 1 na dakika 40. Treni yangu ya Lübeck ilikuwa imekwenda zamani, nikangoja nyingine. Jumla nilichelewa saa 2 na dakika 10.

Binti ananiambia nishukuru Mungu nilifika, niachane na hayo. Jirani yangu sokoni naye anaapa kwamba huko wanarudisha pesa. Nani mkweli? Halafu fomu ya kudai inataka nambari ya IBAN, ile ya akaunti za benki za huko. Nimeenda benki, kijana wa kaunta akaniambia, "Mama, hiyo sisi hatuna."

KijanaWaSection58
Mama, mimi matatu iliniharibikia Mau Summit saa mbili usiku, tukahamishiwa nyingine, kondakta wa pili akataka nauli upya. Kurudishiwa? Nilirudishiwa matusi. Wewe dai tu, mama, utudaie na sisi.

Wafula_Bungoma
Pole na safari, mama. Nilisoma Ujerumani miaka minne na fomu hizo nimejaza mpaka nikazizoea. Jirani yako ndiye mkweli.

Nchi za Umoja wa Ulaya zina sheria moja ya haki za abiria wa treni, hii ya sasa ilianza kutumika Juni 2023. Ukichelewa kufika kwa dakika 60 hadi 119, unalipwa robo ya nauli. Kuanzia dakika 120, nusu. Hawakuulizi pasipoti yako ni ya wapi.

Sasa sikiliza hapa, maana wengi hupunjika. Usiandike kwamba ulichelewa saa 1 na dakika 40. Hiyo ni ya Hamburg. Kama tiketi ilikuwa moja mpaka Lübeck, kinachohesabiwa ni saa uliyokanyaga Lübeck, pamoja na ule muda wa kungoja treni ya pili. Hizo dakika thelathini za mwisho ndizo zinazokutoa kwenye euro 21.50 mpaka 43. Lakini kama binti alinunua tiketi mbili mbalimbali, hapo hesabu inaweza kuwa nyingine. Mwulize.

Kuhusu sababu: wanaweza kukataa kulipa kama ni dhoruba kali isiyo ya kawaida, mtu kuingia relini, au wezi wa nyaya. Taa za reli kuharibika ni mambo yao wenyewe. Hata mgomo wa wafanyakazi wao hauwaokoi.

IBAN usihangaike nayo, benki zetu hazitumii mfumo huo. Binti ndiye aliyenunua, basi adai yeye kwenye programu ileile aliyonunulia, aweke akaunti yake ya huko. Wakimpa vocha, akatae, aseme anataka pesa taslimu. Mna miezi mitatu tangu siku ya safari, na wao wana mwezi mmoja wa kulipa. Tiketi usiifute kwenye simu!

Nesi_Mkakamega
Wafula kasema yote. Niongeze tu kwa wanaokuja huku Uingereza: sheria hiyo ya Ulaya si yetu tena. Kampuni nyingi hapa zinaanza kulipa ukichelewa dakika 15, nyingine 30, na kwa kawaida hawajali kilichosababisha. Ila muda wa kudai ni siku 28. Mimi niliwahi kukumbuka siku ya 31, nikatoka zamu ya usiku nikalia kama mtoto kwa ajili ya pauni 19.

MamaVitenge_Kibuye
Wafula mwanangu, ubarikiwe. Nimempigia binti jana usiku. Tiketi ilikuwa moja. Amejaza huku ananyonyesha, dakika kumi hazikuisha. Mwanzo alikuwa ameandika Hamburg, nikamwambia futa, andika Lübeck.

Sasa tumeanza kesi nyingine. Yeye anasema tiketi alinunua yeye, pesa ni zake. Mimi nasema aliyekaa Göttingen na omena ni mimi. Tumekubaliana euro 20 zije M-Pesa, zinazobaki anunue nepi.

KijanaWaSection58
Na mwenye koti je, mama? Hana fungu lake hapo?