Nimesingiziwa wizi kazini, naweza kumshtaki?

Wakuu habari za leo, naombeni msaada. Mimi ni stookipa kwenye duka la jumla hapa Mwanjelwa, Mbeya, mwaka wa nne huu. Jumatatu gunia sita za mchele hazikuonekana, karani mwenzangu, dada mmoja, akasimama mbele ya makuli na wateja wamo akasema nimezitoa mimi usiku kwa bajaji, wakati usiku ule nilikuwa Tukuyu kwenye msiba wa baba mdogo, watu kibao wameniona. Bosi ananiambia andika barua ya kukubali tukukate mshahara yaishe. Sijaiba jamani. Mama watoto ameshaanza kusikia maneno sokoni. Huyu dada naweza kumshtaki?

Mdau wa Iringa
Kamwene mkuu, pole na msiba. Hiyo barua USISAINI, ukikubali kwa maandishi umejimaliza mwenyewe. Na kukata mshahara sio kienyeji hivyo, bosi anatakiwa akuandikie hasara ni shilingi ngapi na imetokeaje, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara.

HR Mafinga
Naongezea. Wakikuita kikao cha nidhamu una haki ya kupewa taarifa si chini ya masaa 48 kabla, na uingie na mfanyakazi mwenzako au mtu wa chama cha wafanyakazi. Wakikufukuza, siku 30 tu uwe umeshajaza fomu namba 1 pale CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi), Mbeya ofisi ipo. Hapo kwenye siku ndio watu wanaumia, nimeona mtu anasubiri hasira za bosi zipoe anakuja siku ya arobaini analia. Wakikupeleka mahakamani kwa wizi huohuo, hawaruhusiwi kukufukuza mpaka kesi iishe.

Wakili mdogo
Kuhusu huyo dada: angemwambia bosi faragha kwa nia njema ungepata shida kumshinda. Ila kutangaza mbele ya wateja ni kashfa, unafungua madai, una miaka 3. Andika sasa hivi majina ya waliosikia na maneno yenyewe alivyoyasema, makuli wanahamahama hao. Akienda polisi na taarifa anayojua ni ya uongo, hiyo ni jinai kabisa, kifungu cha 122 Kanuni ya Adhabu.

Muuliza swali
Ndaga fijo wakuu. Sisaini. Kijana wa bajaji nimempata, anasema usiku ule ilikuwa gereji imefunguliwa injini, na fundi yupo tayari kuja kusema.