Mchoro wa viwanja upite kwanza kwa watu wa usafi? Mjadala kutoka Tanga

Mtoa hoja

Hoja ninayoileta ni kwamba katika Jiji la Tanga mchoro wowote wa viwanja vipya usiidhinishwe mpaka watu wa usafi na mazingira wawe wameukagua na kuandika, kwa saini yao, taka, maji ya mvua na majitaka ya eneo hilo yataondolewa kwa njia gani.

Kisheria mambo haya hayakupaswa kutengana. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaitambua halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaitaka halmashauri hiyo hiyo iwe na afisa wa mazingira. Hata kwa madiwani kamati ni moja, na jina lake linajieleza: Kamati ya Mipango Miji na Mazingira. Tatizo ni kwamba mtu wa mazingira huulizwa mwishoni, kwenye kibali cha ujenzi, nyumba moja baada ya nyingine, wakati mawe ya mipaka yamekwisha kupandwa na viwanja vimekwisha kuuzwa. Hapo anaweza kukataa shimo la choo lililo karibu mno na kisima cha jirani, lakini hawezi tena kupanua njia wala kurudisha bonde lililogawanywa vipande.

Anayetaka kuona tofauti atembee Ngamiani, kwenye barabara zile zenye namba, ambako gari la taka huingia upande mmoja na kutokea wa pili. Kisha aje mtaani kwetu, tulikojenga kwanza na kupimwa baadaye: gari huishia penye mwembe, na kutoka hapo kila kaya hujibebea mzigo wake, ingawa ada ya taka tunatozwa sawasawa na walio kando ya lami. Masika yakikolea, kilichoachwa chini ya mwembe husafiri chenyewe hadi baharini.

Tena kuna jambo ambalo tathmini ya athari kwa mazingira hailigusi. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga, kilomita 1,443, lilifanyiwa tathmini hiyo kwa sababu ni mradi mkubwa. Nyumba ya vyumba vitatu haihitaji, na sidhani kama ingefaa kumtwisha mwenye nyumba gharama hizo. Lakini nyumba mia tatu, kila moja na shimo lake, zikikaa juu ya mwamba wa chokaa kama ule wa mapango ya Amboni ambao hupitisha maji kwenye nyufa zake, ni mradi mkubwa usio na mwenyewe. Mahali pekee pa kuutazama kwa pamoja ni kwenye mchoro.

Mchangiaji wa kwanza, mpimaji mstaafu

Ndugu mtoa hoja, nimeshika kazi ya upimaji miaka mingi, na nakubaliana nawe kuhusu mwembe, si kuhusu saini. Watu hawatusubiri. Shamba la minazi huuzwa kwa karatasi iliyoshuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa, mpaka ukiwa ni mnazi wenyewe, na mpimaji anapofika hukuta watoto wa mwenye nyumba wamekwisha kuanza shule. Ukiongeza meza moja zaidi ya kupitia, utamchelewesha yule mmoja aliyefuata utaratibu, na wale tisa hutawagusa.

Isitoshe, kanuni ya mita 60 kutoka ufukweni na kingo za mito imo ndani ya sheria hiyo hiyo ya 2004 uliyoitaja. Je, kuta zimekoma kujengwa penye mikoko? Mimi ningependa upana wa njia uwe sharti lisilojadiliwa, ambalo hata mchoraji mvivu hawezi kulikwepa, kuliko kumtegemea mtu wa usafi ambaye kazi yake ya kila siku ni magari na vibarua, si kusoma michoro.

Mchangiaji wa pili, kutoka kikundi cha kuzoa taka

Naomba nieleze kidogo, wazee wangu, kwa sababu sisi ndio tunaosukuma guta. Katika eneo letu mchoro ulikuwa mzuri tu. Ghuba la taka, yaani mahali pa kukusanyia taka, lilitengewa kiwanja, nasi tulionyeshwa. Miaka miwili baadaye pakaota msingi wa duka, tukaambiwa matumizi yamebadilishwa. Tangu hapo tunashusha taka kando ya barabara, tunagombana na wenye nyumba, na faini ni yetu. Kwa hiyo nauliza: saini mnayobishania ingetusaidia nini sisi?

Mtoa hoja

Dada yangu amenigusa mahali ambapo sikuwa nimepafikiria, nami ninairekebisha hoja. Kwa mzee wetu mpimaji, nakubali kwamba saini isiyo na muda ni kikwazo. Basi watu wa usafi wapewe siku 14, na wakikaa kimya mchoro uendelee. Sikubali kwamba hawawezi kusoma mchoro: dereva wa gari la taka anajua kona ipi haipindiki kuliko yeyote kati yetu, na huyo ndiye ningependa aitwe mezani. Kuhusu mita 60, kwamba sheria imepuuzwa ufukweni hakunifanyi niache kuitaka bondeni.

Ila uzito wa hoja yangu sasa nauhamishia kwenye kubadili matumizi. Ghuba, mkondo wa maji na eneo la wazi visibadilishwe bila ridhaa ya maandishi ya wanaovitumia kwa kazi, na tangazo libandikwe kwenye kiwanja chenyewe, si kwenye ubao wa ofisi peke yake. Hapa nakuhitaji wewe, mzee wangu, uliyepanda mawe hayo kwa mikono yako: kiwanja cha ghuba kinapogeuzwa kuwa cha duka, faili hupita mezani kwa nani kwanza, na ni hatua ipi ambapo mtu wa kikundi cha taka angeweza kusimama na kusema hapana?